Marsabit, mji wa ukungu unaouliza habari za Kenya

Ndugu msomaji, ukipanga kuzuru Marsabit, usisahau sweta.

Najua unacheka. Wengi wetu tuliosomea shule za mijini tulifunzwa kwamba kaskazini mwa Kenya ni mchanga, ngamia na jua la utosini, basi. Mimi pia nilicheka nilipopewa shauri hilo mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi wa diploma ya uanahabari. Asubuhi yangu ya kwanza katika mji huo niliamka nikitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Nje ukungu ulikuwa umetanda kiasi kwamba watu waliokuwa wakipita barabarani niliwasikia kabla sijawaona.

Nilikimbilia kibanda cha chai. Mzee mmoja aliyejitanda shuka na kujifunga kilemba alinisogezea nafasi kwenye benchi. Tukasalimiana. Aliponiuliza ninakotoka, nikamjibu kwamba natoka Nairobi. Akatikisa kichwa, akapuliza chai yake kwa utaratibu, kisha akaniuliza:

"Haya, mwanangu. Habari za Kenya?"

Nilidhani ananitania. Nikatazama uso wake nisione hata chembe ya mzaha. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba katika sehemu nyingi za kaskazini, mtu akiabiri basi kuelekea Nanyuki au Nairobi husema anakwenda Kenya. Akirudi, huulizwa habari za Kenya, vile ambavyo wewe ungemuuliza jamaa yako aliyetoka ng'ambo.

Nimerudi Marsabit mara kadhaa tangu siku hiyo, na kila niendapo swali la mzee yule hunifuata. Leo nataka nikutembeze huko, wewe na jamaa yako, ili tulitafutie jibu kwa pamoja.

Safari ya mchana mmoja

Kutoka Nairobi hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 500. Ukiondoka alfajiri utapita Thika, Karatina na Nanyuki, uone mashamba ya ngano ya Timau, kisha barabara iteremke hadi Isiolo. Hapo joto litakupiga usoni kama uliyefungua mlango wa tanuri. Sweta itaonekana upuuzi mtupu. Usiitupe.

Baada ya Isiolo utafika Archers Post na kuvuka mto Ewaso Nyiro. Mbele kidogo, upande wa kushoto, utauona mlima Ololokwe ukiwa umesimama wima, kilele chake kimekatwa bapa kama meza. Kisha vitakuja vituo vya Merille, Laisamis na Logologo. Miti inakuwa mifupi, udongo unakuwa mwekundu halafu mweusi, na vijana waliofuatana na mbuzi wanapunga mikono. Watoto wako wataanza kuuliza kama mmekaribia. Halafu, ghafla, gari linaanza kupanda. Majani yanakuwa kijani kibichi, hewa inapoa, na wingu linawapokea. Hapo ndipo Marsabit.

Safari hiyo nzima sasa huchukua mchana mmoja. Lakini nisikudanganye kwamba ilikuwa hivyo tangu zamani.

Mwaka ule wa 2009 nilirudi kutoka Marsabit juu ya lori la ng'ombe. Usafiri wa watu wengi ulikuwa huo. Ng'ombe walisimama chini, abiria wakakaa juu ya vyuma vilivyopita ukingo hadi ukingo, miguu ikining'inia juu ya pembe. Barabara ilikuwa mawe na vumbi, na malori yaliogopa kusafiri peke yake kwa sababu ya majambazi, hivyo mara nyingi yaliandamana kwa msafara na kusindikizwa na polisi.

Kando yangu alikaa mama mmoja aliyempakata mtoto wa kiasi cha miaka miwili. Alikuwa akimpeleka hospitalini kusini. Nilipomgusa yule mtoto bahati mbaya, niliona mwili wake ulivyokuwa moto. Kufika kati ya Laisamis na Merille, springi ya lori ikakatika. Utingo akaingia uvunguni akiwa na nyundo na kipande cha mpira wa gurudumu. Jua likatua akiwa huko huko. Tukalala hapo.

Usiku kucha yule mama hakulala. Alikuwa akilowesha ncha ya leso kwa maji na kumfuta mtoto usoni, maji yenyewe tukichangiana kutoka chupa zetu. Asubuhi kukapita gari dogo lililokuwa na nafasi moja, likamchukua. Sikuwahi kumwuliza jina, wala sikuja kujua yaliyompata yule mtoto.

Mara ya mwisho nilipopita pale kwa basi, nilitoa saa yangu nikatazama. Kutoka Laisamis hadi Merille hatukumaliza hata nusu saa. Abiria wengi walikuwa wamesinzia.

Lami hiyo ilijengwa kwa vipande. Kile cha Isiolo hadi Merille kilitangulia, vingine vikafuata, na kufikia mwaka 2017 mtu aliweza kusafiri juu ya lami kutoka Nairobi hadi Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Hesabu vizuri, ndugu msomaji. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Barabara kuu ya kaskazini ilikamilika zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mlima kati ya majangwa

Kaunti ya Marsabit ina ukubwa wa karibu kilomita mraba 71,000. Ukizichukua Rwanda na Burundi ukaziweka pamoja ndani yake, bado nafasi itabaki. Hata hivyo, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakaazi 459,785 pekee.

Siri ya mji wenyewe ni mlima. Mlima Marsabit ni volkeno iliyolala zamani, na urefu wake ni mita 1,707 juu ya usawa wa bahari. Pepo zenye unyevu kutoka pande za Bahari ya Hindi husafiri juu ya nyika kavu bila kukutana na kizuizi, hadi zinapogonga mlima huu. Zikipanda hupoa, na zikipoa hugeuka ukungu. Usiku ukungu huo hunasa kwenye matawi na ndevu za miti na kudondoka matone. Ndiyo sababu mlima una msitu mnene, huku umbali wa saa chache tu kwa gari kuna mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifikii milimita 200. Maji ya chemchemi za Bakuli yanayotumiwa mjini hutokana na msitu huo. Anayekata mti pale juu anakata mfereji wa jirani yake.

Pande zote za mlima kuna mashimo makubwa ya mviringo yaliyoachwa na volkeno. Wenyeji huyaita gof. Gof Choba liko kaskazini mwa mji, karibu na barabara ya Moyale. Ukisimama kwenye ukingo wake, ng'ombe walio chini wataonekana kama punje za mtama. Ndani ya hifadhi ya msitu kuna Gof Sokorte Guda, ambalo lina ziwa liitwalo Paradise. Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walipiga kambi hapo katika miaka ya 1920 wakitengeneza filamu za wanyama zilizotazamwa sana kwao.

Na ni msitu huu uliomlea Ahmed. Kama umewahi kuwapeleka watoto katika jumba la makumbusho la kitaifa Nairobi, mmepiga picha kando ya sanamu ya ndovu mkubwa aliye na pembe zinazokaribia kugusa ardhi. Huyo ndiye Ahmed wa Marsabit. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya pekee ya kumlinda, na askari wakamfuata mchana na usiku asidhuriwe na majangili. Alikufa kwa uzee mwaka 1974. Jambo moja hunifikirisha. Ndovu wa Marsabit alipewa ulinzi wa serikali wakati ambapo wengi wa majirani zake binadamu walikuwa hawajaona hata daktari.

Ukishuka mlima kuelekea kaskazini na magharibi, sura ya nchi hubadilika tena. Kuna tambarare ya Dida Galgalu, mawe meusi ya volkeno yaliyotapakaa hadi upeo wa macho. Kuna jangwa la Chalbi, ambalo maelfu ya miaka iliyopita lilikuwa ziwa. Leo ni sakafu ya chumvi iliyopasuka vipande vipande, na mchana utaapa kwamba maji yanametameta mbele yako. Ni mazigazi. Lakini kandokando ya Chalbi, katika vituo kama Maikona, Kalacha na North Horr, yapo maji ya kweli na mikoma iliyochanua matawi. Mvua kubwa ikinyesha milimani, Chalbi lenyewe hugeuka ziwa kwa siku kadhaa, kana kwamba limekumbuka asili yake.

Mwisho wa safari upande wa magharibi ni Ziwa Turkana, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250. Mzungu Teleki alipofika mwaka 1888 aliliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa kwao. Jina la Turkana lilirasimishwa mwaka 1975. Ukingoni mwa ziwa hilo, mahali paitwapo Koobi Fora, ndipo Mkenya Bernard Ngeneo alipoliokota mwaka 1972 fuvu maarufu lijulikanalo kwa nambari 1470, la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi karibu miaka milioni 2 iliyopita. Fikiria jambo hilo, msomaji. Eneo tunaloliita la mbali ni miongoni mwa mahali ambapo wanadamu wote walianzia safari.

Karibu na Loiyangalani wanaishi El Molo, mojawapo ya jamii ndogo kabisa nchini. Ni wavuvi wa tangu jadi. Lugha yao ya asili imenyamaza, na sasa wanazungumza Kisamburu. Mwaka 2021, maji ya ziwa yalipokuwa yamepanda, yalimeza barabara iliyounganisha kijiji chao na bara, watoto wakawa wanavushwa kwa mashua kwenda shuleni.

Nani aliiweka mbali?

Sasa turudi kwa swali la mzee wa kibanda cha chai. Je, ni jangwa lililoitenga Marsabit na Kenya?

Historia inajibu kwamba la. Kabla ya ukoloni, mahali hapa palikuwa njia panda. Wagabra, Waborana, Warendille na Wasamburu walihama na mifugo wakifuata mvua, wakapigana, wakapatana, wakaoana. Misafara ya wafanyabiashara ilipita kutoka pwani ya Benadir na nyanda za Ethiopia. Jangwa halikuwa ukuta. Lilikuwa barabara kwa aliyejua visima vilipo.

Ukuta ulijengwa kwa karatasi. Waingereza waliitaka kaskazini iwe kama ua kati ya mashamba ya walowezi na mataifa jirani. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kuifunga wilaya, asiingie mtu wala kutoka bila kibali, na nyingine ya mwaka 1934 ikawaongezea mamlaka juu ya wafugaji. Mifugo ya kaskazini ikazuiliwa kuuzwa kusini kwa jina la karantini, huku walowezi wakiuza ng'ombe wao bila ushindani. Hakukujengwa shule za maana wala barabara. Pakawa mahali pa kutupia watu waliosumbua serikali. Harry Thuku, aliyekamatwa mwaka 1922 kwa kutetea Waafrika, alimalizia miaka ya uhamisho wake hapa Marsabit kabla ya kuachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930.

Uhuru ulipokuja, vita vikaja navyo. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1967 wapiganaji waliotaka sehemu ya kaskazini iungane na Somalia walipambana na serikali. Ndivyo vita vya Shifta. Aliyeumia zaidi ni mfugaji wa kawaida, aliyeshukiwa na pande zote mbili. Mifugo iliuawa au kutwaliwa, na watu wakakusanywa vijijini kwa nguvu. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari zilizowekwa kaskazini hazikufutwa hadi mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Marsabit siku ya uhuru alikaribia kufikisha miaka 28 kabla ya kutawaliwa kwa sheria zile zile zilizomtawala mwenzake wa Nyeri au Kisumu.

Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wa sera, ule Nambari 10, uliosema kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa haraka: palipo na ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme. Kwa maneno mengine, aliye nacho aongezewe. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Ilingoja hadi katiba ya mwaka 2010 na serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013.

Kwa hivyo ukimsikia mtu wa Marsabit akiuliza habari za Kenya, usimcheke. Anarudia tu alichoambiwa kwa vitendo.

Benki yenye miguu minne

Huenda unajiuliza watu hawa wanaishi kwa nini. Jibu unalo mezani kwako.

Mbuzi wengi wanaochinjwa Kiamaiko, Nairobi, hutoka kaskazini. Nyama unayoagiza Jumapili na kachumbari kando inaweza kuwa ilitembea siku nyingi kutoka viunga vya Chalbi hadi mnada wa Merille, ikapakiwa lori usiku na kuingia jijini alfajiri. Siku ya mnada Merille ni kama sikukuu. Wanunuzi kutoka mjini huwabonyeza mbuzi mgongoni kupima unono, madalali hunong'ona bei, na akina mama huuza chai, sukari na shanga pembeni. Mfugaji akishalipwa hununua unga, hulipa karo, na salio huingia kwenye simu.

Mjini tunapenda kusema kwamba mfugaji ana mifugo mingi bila faida. Nilimwuliza jambo hilo mama mmoja wa Kigabra huko Kalacha. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza: "Wewe pesa zako ziko benki?" Nikamwambia ndiyo. "Zikiwa huko zinazaa?" Nikamwambia kidogo. "Zinatoa maziwa?" Nikanyamaza.

Ngamia anaweza kukaa zaidi ya wiki moja bila maji na bado akakamuliwa. Ndiye hubeba nyumba pia. Nyumba ya Wagabra na Warendille ni vijiti vilivyopindwa na mikeka iliyosukwa na wanawake. Ikifika siku ya kuhama, mama huibomoa asubuhi, huifunga juu ya ngamia, na kabla ya usiku imesimama kwingine. Maziwa huhifadhiwa katika vyombo vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi ili yasiharibike. Haya ni maarifa, ndugu msomaji, si uduni.

Na benki hiyo ina bima yake ya kienyeji. Waborana wana desturi iitwayo busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo yake kwa ukame au uvamizi, ukoo humchangia wanyama ili aanze upya. Warendille na Wagabra pia huwakopesha jamaa zao ngamia wa maziwa. Anayekataa kutoa leo anajua kwamba kesho zamu ni yake.

Tatizo ni kwamba sasa ukame humpata kila mtu kwa wakati mmoja. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika maeneo kame ya Kenya. Wakati ule kandokando ya njia mizoga ilikuwa imekauka ikabaki ngozi na mbavu. Jamaa yote ikifilisika, nani atamchangia nani?

Marsabit ndipo mahali ambapo, mwaka 2010, bima ya mifugo inayotumia setilaiti ilianzishwa. Setilaiti hutazama malisho kutoka angani, na yakikauka kupita kiwango fulani, aliyelipa ada hupata fidia. Ni jambo jema, ingawa halijamfikia kila mfugaji. Kuna na njia nyingine za riziki: samaki wa kukaushwa kutoka Ziwa Turkana, ubani na gundi za miti ya nyikani, mahindi, maharagwe na miraa kutoka mashamba ya mlimani yanayolimwa hasa na Waburji. Kuna na biashara ya mpakani Moyale, ambako kituo cha pamoja cha forodha cha Kenya na Ethiopia kilifunguliwa rasmi Desemba 2020.

Upepo wao, taa zetu

Ukikaribia Ziwa Turkana kutoka kusini utaona kitu kisichofanana na chochote katika nyika ile: mitambo mirefu meupe, mapanga yake yakizunguka bila kupumzika. Ipo 365. Huu ni mradi wa umeme wa upepo uliozinduliwa rasmi mwaka 2019, wenye uwezo wa megawati 310, miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Upepo wa hapo haukosi kazi, kwa kuwa hupenya kwa nguvu katika uwazi ulioko kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia.

Umeme huo husafirishwa kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na kutoka hapo huwasha taa za miji yetu. Nyaya zenyewe zinapita juu ya manyatta ambayo jua likitua hutegemea kuni na tochi. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi huo zilitolewa kinyume cha sheria, na mvutano wa kisheria ukaendelea. Wakaazi niliozungumza nao hawakuuchukia mradi. Mmoja wao aliniambia, "Sisi hatukatai upepo uende Nairobi. Tunauliza mbona ulipita bila kubisha hodi."

Amani ndiyo salamu

Watu wa huko wakikutana husema "nagaya", yaani amani. Kisha huulizana hali ya jamaa, mifugo na mvua. Wanaanza na amani kwa sababu wanajua bei yake. Tarehe 12 Julai 2005, washambuliaji walivamia kituo cha Turbi na kuua zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto wa shule. Miezi tisa baadaye, Aprili 2006, ndege ya kijeshi iliyobeba viongozi waliokuwa wakienda kupatanisha jamii ilianguka karibu na mji wa Marsabit. Watu 14 walifariki, miongoni mwao Dkt Bonaya Godana, aliyewahi kuwa waziri wa mashauri ya kigeni. Tangu hapo ugomvi wa malisho, maji na siasa umezuka na kutulia mara kadhaa.

Lakini nimeona upande mwingine pia. Kuna visima virefu karibu na mlima ambavyo maji yake hayafikiwi kwa kamba ya mtu mmoja. Vijana husimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi, ndoo hupanda kutoka mkono hadi mkono, na wote huimba ili mikono iende pamoja. Mmoja akikosa mapigo, ndoo humwagika. Ng'ombe wakisikia wimbo wao hujongea wenyewe. Sijaona somo la uraia lililo wazi kuliko hilo.

Ukitaka kwenda

Nenda na jamaa yako katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari au Juni hadi Septemba. Mji wa Marsabit una vyumba vya kulala vya kila kiwango. Kwa Chalbi na Loiyangalani, tafuta gari lenye nguvu, magurudumu mawili ya akiba, maji mengi na dereva mwenyeji, na ulizia hali ya usalama kabla ya kuondoka. Usimpige mtu picha kabla ya kumsalimia na kumwomba. Ukikaribishwa chai ya maziwa ya ngamia, kunywa. Kukataa ni kama kumwambia mwenyeji kwamba nyumba yake haikufai.

Na wewe mwanafunzi unayesoma jiografia, ukiliona neno "kame" limeandikwa juu ya ile nusu ya juu ya ramani, kumbuka kuna msitu, kuna ziwa, kuna fuvu la miaka milioni 2, na kuna watu.

Safari yangu ya mwisho nilikwenda tena kwenye kile kibanda cha chai. Sasa kimekuwa hoteli ndogo yenye televisheni. Mzee yule sikumkuta. Nilikaa kwenye benchi, ukungu ukiwa pale pale dirishani. Kijana aliyeniletea chai aliniuliza ninakotoka, nikamwambia Nairobi. Nikangoja lile swali.

"Nairobi?" akasema. "Mimi nilikuwa huko juzi. Nilipanda basi jioni, nikafika asubuhi." Akaweka kikombe mezani, akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Hakuniuliza habari za Kenya. Chai ile niliinywa polepole, nikimkumbuka mama wa lori la 2009 na leso yake iliyolowa.